Kutoka Jenereta hadi Gridi: Nishati Safi na Nafasi ya Gesi, Mfano wa Nyanda za Juu za Kigoma

Mtahiniwa, ukikutana na swali linalokutaka ueleze jinsi nchi zetu zinavyoweza kupunguza umeme wa gesi na kukuza nishati safi, kalamu itataka kukimbilia orodha: jua, upepo, maji, jotoardhi. Kisha zitafuata faida: haichafui mazingira, haiishi, ni nafuu. Orodha hiyo si kosa. Shida yake ni kwamba karibu kila mtu katika chumba cha mtihani anaiandika, na hoja isiyo na mfano wala sababu haina uzito. Katika sura hii tutachukua eneo moja tu, nyanda za juu za Kigoma, na kufuatilia umeme wake ulikotoka na unakokwenda. Ukilielewa eneo hili vizuri utaweza kujibu swali la Jiografia, la Uraia, la Fizikia, na hata kuandika insha ya Kiswahili kuhusu mada hii.

Anzia Muyama. Hii ni kata ya Wilaya ya Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Ni nchi ya milima, migomba, kahawa na maharage, na mpaka wa Burundi hauko mbali. Mvua huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kuanzia Juni vijito hupungua. Ukumbusho huu wa majira uweke akilini, maana tutaurudia.

Dizeli kwanza, si gesi

Kwa miaka mingi Mkoa wa Kigoma haukuwa kwenye Gridi ya Taifa. Gridi ni mtandao wa njia kubwa za umeme unaounganisha vituo vya kuzalisha na watumiaji wa nchi nzima. Miji ya Kigoma, Kasulu na Kibondo ilipata umeme kutoka jenereta za dizeli za TANESCO, na vijiji vingi havikupata kabisa. Kwa hiyo mtu anayeandika kwamba Kigoma "inahama kutoka gesi" anakosea hatua ya kwanza. Kigoma ilihama kutoka dizeli.

Kwa nini dizeli ni mzigo? Tufanye hesabu ndogo. Jenereta nzuri huzalisha takriban uniti 3.5 (yaani kilowati-saa 3.5) kwa lita moja ya dizeli. Tuseme lita inanunuliwa kwa shilingi 3,000. Gawanya 3,000 kwa 3.5, unapata karibu shilingi 857 kwa uniti moja, na hapo hujalipa fundi, vipuri, wala lori lililobeba mafuta hadi milimani. Sasa linganisha na bei ya mteja. Kwa viwango vilivyoanza mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa kawaida shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Maana yake ni kwamba kila taa iliyowaka kwa dizeli ilikuwa hasara kwa shirika. Shirika linalopata hasara kwa kila uniti haliwezi kuwa na haraka ya kupeleka nguzo kijiji kingine. Hii ndiyo sababu ya kiuchumi, na ni nzito kuliko kuandika tu kwamba "dizeli ni ghali".

Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa ziarani mkoani Kigoma, alizima jenereta za dizeli kama ishara ya mkoa kuanza kupokea umeme wa Gridi ya Taifa kupitia Nyakanazi. Kwa watu wa Kasulu na Kibondo ile haikuwa sherehe tupu. Kelele na moshi wa mashine zile walikuwa wameishi navyo.

Hapa watahiniwa wengi husimama na kuandika: "Basi Kigoma ikapata nishati safi." Subiri kwanza. Umeme wa gridi wakati huo ulitoka wapi? Zaidi ya nusu yake ulizalishwa kwa gesi asilia. Taa ya Kasulu iliacha kuwaka kwa dizeli, lakini kwa sehemu kubwa ikaanza kuwaka kwa gesi iliyochimbwa upande wa pili wa nchi, pwani ya Bahari ya Hindi. Ilikuwa hatua mbele, maana kwa kila uniti gesi hutoa hewa ukaa pungufu kuliko dizeli, na takriban nusu ya ile ya makaa ya mawe. Lakini gesi asilia bado ni mafuta ya kisukuku. Haijirudishi, na inapovuja kabla ya kuungua, methani iliyomo huhifadhi joto angani kwa nguvu kubwa kuliko hewa ukaa.

Gesi iliingiaje?

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, mkoani Lindi, mwaka 1974, na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Ilikaa chini ya ardhi kwa miaka mingi kwa sababu nchi ilikuwa na maji: Kidatu, Mtera, Kihansi, Hale na New Pangani ziliendesha karibu kila kitu. Kisha ukame ukafundisha somo. Mabwawa yalipokauka, miji iliingia kwenye mgao wa umeme, na mgao wa mwaka 2006 ni miongoni mwa iliyoumiza zaidi viwanda na wafanyabiashara wadogo. Waulize wazazi wako habari za mwaka ule. Mitambo ya Songas pale Ubungo ilikuwa imeanza kutumia gesi ya Songo Songo mwaka 2004. Bomba kubwa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015. Zikafuata Kinyerezi I yenye megawati 150 na Kinyerezi II yenye megawati 240.

Kumbe, basi, gesi iliingia kwa sababu maji pekee yalituangusha. Andika sentensi hiyo kwa maneno yako mwenyewe katika jibu lolote kuhusu mada hii. Anayependekeza turudi kwenye maji bila kusema tutafanya nini mwaka wa ukame hajajibu swali.

Zingatia pia kwamba neno "gesi" lina maana mbili ambazo haziruhusiwi kuchanganywa. Gesi asilia ya Songo Songo ni methani hasa. Hupita kwenye bomba na kuendesha mitambo ya umeme na viwanda. Gesi ya mitungi unayoiona madukani Kasulu ni propani na buteni iliyogandamizwa ikawa kimiminika, na huletwa nchini kwa meli. Ya kwanza tunataka kuipunguza polepole katika kuzalisha umeme. Ya pili Serikali inaihimiza jikoni, ili watu waache kuni na mkaa: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Huko hakuna mgongano. Katika wilaya za Kasulu na Kibondo, ambako misitu imebeba mahitaji ya wenyeji na pia ya kambi za wakimbizi kama Nyarugusu na Nduta, mtungi mmoja unaookoa mizigo ya kuni una maana kubwa kimazingira, hata kama ndani yake mna mafuta ya kisukuku. Swali likisema "gesi" bila kufafanua, fafanua wewe katika utangulizi.

Maji yarudi kwa ukubwa mwingine

Februari 2024 mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji ilianza kuingiza umeme kwenye gridi. Mwaka uliofuata mashine zote 9, kila moja megawati 235, zilikuwa tayari. Zidisha mwenyewe: megawati 2,115. Kabla ya hapo uwezo wa mitambo yote nchini haukufika kiwango hicho. Na Oktoba 2024 mkataba wa miaka 20 wa Songas ukafika mwisho, mitambo yake ya Ubungo ikasimama.

Angalia jinsi mambo yalivyotokea. Gesi haikuzimwa kwa amri wala kwa hotuba. Kwanza kilipatikana chanzo kingine, ndipo mkataba ulioisha ukaachwa uishe. Kinyerezi bado ipo, na ni busara iwepo. Miezi ya mwisho ya 2023 nchi ilikuwa tena kwenye mgao, na mtambo wa gesi huwashwa muda wowote bila kuuliza mawingu. Matumizi ya umeme hupanda sana kati ya saa 1 na saa 4 usiku, wakati paneli za sola zimelala. Gesi inabadilika kutoka kuwa mhimili na kuwa akiba, na hayo ndiyo maana halisi ya "kuhama" katika mazingira yetu.

Malagarasi: mradi uliofundisha mambo mawili

Turudi Kigoma, maana mkoa huu hautaki kubaki mpokeaji wa mwisho wa waya. Mto Malagarasi, wa pili kwa urefu Tanzania, unapita humo kuelekea Ziwa Tanganyika, na una maporomoko ya Igamba. Mwaka 2008 Marekani ilisaini na Tanzania msaada wa Shirika la Changamoto za Milenia, na umeme wa Igamba ulikuwa sehemu yake. Uchunguzi wa mazingira ukaonyesha kuwa maporomoko hayo ni makazi ya viumbe adimu wa majini, na mpango huo ukaachwa. Badala yake fedha kidogo zilipelekwa kwenye sola za shule za sekondari, zahanati, vituo vya afya na masoko ya vijiji mkoani Kigoma. Somo la kwanza ni hili: chanzo kuwa jadidifu hakukifanyi kisiwe na madhara. Bwawa linaweza kuua samaki, kuhamisha watu na kubadili ardhi oevu, na bonde la Malagarasi-Muyovozi ni ardhi oevu inayotambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2000.

Mradi ulirudi kwa sura nyingine. Mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa dola milioni 140 kwa kituo cha megawati 49.5 kitakachotumia mtiririko wa mto bila kutegemea ziwa kubwa la kuhifadhi maji. Benki ilikadiria kwamba gharama ya kuzalisha uniti moja mkoani itashuka kutoka dola 0.33 ya dizeli hadi takriban dola 0.04. Hiyo ni mara 8 pungufu. Takwimu hii ikae kichwani.

Somo la pili limo ndani ya namba. Kituo cha megawati 49.5 kikifanya kazi bila kupumzika saa zote 8,760 za mwaka kingetoa megawati-saa 433,620. Lakini makadirio ya mradi ni gigawati-saa 181, yaani megawati-saa 181,000. Gawanya: karibu asilimia 42. Kwa nini si 100? Kwa sababu mto haujai mwaka mzima. Yale majira ya Muyama tuliyoyataja mwanzoni ndiyo yanayoamua. Usichanganye uwezo wa mtambo, unaopimwa kwa megawati, na nishati inayozalishwa, inayopimwa kwa megawati-saa. Magazeti huchanganya kila siku. Wewe usifanye hivyo.

Waya nao ni nishati safi

Umeme safi usiofika ni hadithi. Kuna kazi tatu tofauti: kuzalisha, kusafirisha na kusambaza. Ukieleza moja tu, umeeleza theluthi.

Umeme husafirishwa kwa msongo mkubwa ili kupunguza upotevu. Kwa nguvu ileile, ukiongeza msongo kutoka kilovolti 33 hadi 400, mkondo unapungua karibu mara 12. Joto linalopotea kwenye waya hutegemea mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo kwenye waya uleule upotevu unapungua karibu mara 147. Ndiyo maana njia ya kilovolti 400 kutoka Nyakanazi hadi Kidahwe, Kigoma, ina umuhimu mkubwa kuliko inavyoonekana kwa mtu anayepita barabarani na kuona minara tu.

Nyakanazi yenyewe ni njia panda ya kanda nzima. Hapo ndipo inapofika pia njia kutoka Rusumo, kwenye Mto Kagera, ambako Tanzania, Rwanda na Burundi zilijenga kwa pamoja kituo cha megawati 80 na kugawana sawasawa, karibu megawati 27 kila nchi. Mwanafunzi wa Kibondo anayesoma usiku huenda anatumia maji ya mto wa mpakani ambao hajawahi kuuona. Kenya na Tanzania nazo ziliunganisha gridi zao kwa njia ya kilovolti 400 mwishoni mwa 2024. Kenya ina jotoardhi ya Olkaria, iliyoanza kuzalisha mwaka 1981 na isiyojali mvua. Tanzania ina maji ya Rufiji. Mwaka wa ukame mmoja anamfaa mwingine. Mwaka 2025 Serikali hata ilitangaza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, licha ya Bwawa la Nyerere kuwa na ziada. Wengi walishangaa. Aliyeelewa aya iliyotangulia hakushangaa sana, maana kutoka Rufiji hadi Kilimanjaro ni mbali, na umeme hupotea njiani.

Ubunifu wa kijiji unahitaji nini?

Hili ndilo eneo ambalo majibu huwa dhaifu kuliko yote. Mtahiniwa huandika "Serikali iwasaidie wabunifu" na kuhamia hoja nyingine. Iwasaidie kwa nini hasa?

Tuchukue kijito cha mlimani, mfano wa vile vilivyo kuzunguka Muyama. Tuseme kinatiririsha lita 50 kwa sekunde na kinaweza kuangushwa kimo cha mita 20. Lita 50 ni kilogramu 50. Zidisha kwa 10 (mvutano wa dunia) na kwa 20, unapata wati 10,000. Mtambo wa kienyeji uliotengenezwa vizuri unaweza kunasa asilimia 60, yaani kilowati 6. Nyumba 100 zenye taa, simu na redio, kila moja wati 50, zinahitaji kilowati 5. Kumbe kijito kimoja kinatosha. Lakini mashine ya kusaga mahindi huhitaji zaidi ya hapo, na ikifika Agosti maji yakapungua nusu, nyumba 100 hazitoshelezwi tena. Mbunifu akiahidi kijiji kizima umeme wa mashine mwaka mzima, anajitafutia ugomvi.

Jambo hili si ndoto. Hospitali za misheni kama Ndolage mkoani Kagera na Ikonda mkoani Njombe zilijenga vituo vidogo vya maji miongo mingi kabla ya gridi kufika. Kinachomkwamisha mbunifu wa leo mara nyingi si ujuzi wa kuzungusha mashine. Ni vitu vitatu vinavyotegemeana: kibali, mtaji na bei.

Kwenye kibali Tanzania imefanya vizuri. Kanuni za EWURA za wazalishaji wadogo, zilizoanza mwaka 2008, zinawaruhusu wenye miradi isiyozidi megawati 10 kuiuzia TANESCO umeme kwa mkataba wa mfano uliokwisha kuandaliwa, na mradi ulio chini ya megawati 1 husajiliwa bila kuhitaji leseni nzito. Kwenye mtaji kuna Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanzishwa kwa sheria ya 2005, ambao hutoa ruzuku. Kwenye bei ndipo penye mvutano. Kampuni ndogo zenye gridi za sola vijijini na visiwani ziliuza uniti kwa bei ya juu mara nyingi kuliko ya TANESCO, kwa sababu hazina wateja wa mjini wa kufidia gharama. Wananchi walilalamika, na walikuwa na haki: kwa nini maskini wa kisiwani alipe kuliko tajiri wa jijini? Mwaka 2020 Serikali ikaagiza bei ya vijijini iwe ileile ya shilingi 100. Wananchi wakapata nafuu, lakini wawekezaji wakakosa njia ya kurudisha fedha zao. Maoni ya mwandishi wa sura hii ni kwamba bei sawa ni haki, ila anayeitaka lazima alipe tofauti kwa ruzuku ya wazi. Vinginevyo mradi unaofuata hautajengwa. Si lazima ukubali. Mtihani unakutaka utetee upande wako kwa sababu.

Swali la kujipima

"Kwa kutumia mfano wa Mkoa wa Kigoma, jadili kauli kwamba kuhama kutoka mafuta ya kisukuku kwenda nishati safi ni suala la uchumi na miundombinu kuliko suala la teknolojia." (Alama 15)

Kabla ya kuanza, pigia mstari neno "jadili" na neno "kuliko". La kwanza linadai pande mbili. La pili linadai ulinganishe. Hesabu ya dizeli na bei ya mteja itakupa upande wa uchumi, Nyakanazi itakupa miundombinu, na asilimia 42 ya Malagarasi pamoja na maporomoko ya Igamba vitakusaidia kuonyesha kwamba teknolojia na mazingira navyo vina sauti. Jipe dakika 40, funga kitabu, andika.